Boksi Linavuma, Moduli Nzima: kutafuta kosa kwenye priampu (vikuza sauti vya maiki) na ikwalaiza za meza za zamani za kuchanganyia sauti, zilizofungwa kwenye raki

Ukishaitoa moduli ya Neve 1073 (priampu yenye ikwalaiza) au API 550A (ikwalaiza) ndani ya meza yake na kuifunga kwenye boksi la inchi 19, umeinyang'anya vitu vinne: umeme uliotulia, ethi inayoeleweka, mzigo wa upande wa kutokea, na kiwango cha sauti ilichozoea kupokea. Meza ilikuwa inavitoa vyote, na aliyeijenga alishapiga hesabu zake. Kwenye raki, hesabu hizo ni zako.

Ndiyo maana maboksi mengi yanayoletwa hapa Mbeya kama "mabovu" yana kadi ya saketi nzima kabisa. Kosa liko kwenye vitu vipya: pawa saplai, nyaya, konekta za nyuma, ethi. Nasema hivi mapema kwa sababu mazoea ya mafundi wengi ni kinyume. Boksi likivuma, mtu anafungua moduli ya miaka ya 1970, anang'oa kapasita zote na kuweka mpya. Mvumo unabaki palepale, na njia za shaba kwenye kadi zimeshabanduka kwa joto la pasi. Anza nje, ingia ndani taratibu.

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Mita nzuri, balbu ya filamenti ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na waya wa moto, plagi ya XLR yenye rizista ya omu 150 kati ya pini ya 2 na ya 3 (hiyo ndiyo maiki yako bandia), na kompyuta yenye saundikadi na programu ya bure ya Room EQ Wizard. Osiloskopu ni raha kuwa nayo, lakini mengi ya hapa chini yanapatikana bila hiyo.

Fyuzi inakatika, au hakuna kinachowaka

Kwanza tazama transfoma ya umeme imefungwa kwa volti ngapi. Pawa saplai nyingi zinazokuja na moduli zimetoka Marekani, na huko ni volti 115 hadi 120. Yetu ni 230, hezi 50. Transfoma nzuri ina koili mbili za kuingilia za volti 115. Kwetu zinafungwa mfululizo, kwao sambamba. Ikiwa umekuta zimefungwa sambamba na tayari umeshachomeka ukutani, fyuzi imekuokoa au haikukuokoa, na pua yako itajua kabla ya mita.

Fyuzi inayokatika mara mojamoja, tena pale tu unapowasha, huwa si dalili ya shoti. Transfoma ya duara hunywa umeme mwingi sana sekunde ya kwanza. Weka fyuzi ya kuchelewa, yenye herufi T, ya kiwango kilekile. Usipandishe ampia ili tu ikae kimya.

Ikikatika kila mara, washa kupitia ile balbu. Ikimulika kwa nguvu kidogo kisha ikafifia, upande wa umeme hauna shoti. Ikiendelea kumulika kwa nguvu, chomoa moduli zote kwenye konekta zake na ujaribu tena. Ikififia sasa, rudisha moduli moja moja hadi uikamate yenye kosa. Mara nyingi ni kapasita ya tantalamu iliyogeuka kuwa waya mtupu: tantalamu haivumilii chanya na hasi kugeuzwa hata kwa muda mfupi. Moduli ya 1073 inatumia reli (njia ya umeme wa DC) moja ya volti 24, na kuna moduli za zamani zaidi, hasa zenye transista za jerimaniamu, ambazo chanya ndiyo iliyofungwa kwenye ethi. Usichanganye aina hizo mbili kwenye saplai moja. Kila moduli iwe na fyuzi yake ndogo ya miliampia 250 na dayodi ya kuilinda isigeuziwe umeme. Bila fyuzi hiyo, moduli moja ikilala inalala na wenzake wote.

Baada ya radi, kabla hujagusa kitu kingine, angalia varista (kipande kinachomeza umeme mkubwa wa ghafla) iliyo sambamba na umeme wa kuingia. Kuanzia Novemba hadi Aprili huku nyanda za juu, hiyo ndiyo inayokufa kwanza. Ikishapasuka au kusoma shoti, imefanya kazi yake. Badilisha kwa ya volti 275 na uendelee na safari.

Mvumo

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza muda na hela.

Usiseme tu "linavuma". Kuna mvumo wa hezi 50 na kuna wa hezi 100, na ni magonjwa mawili tofauti. Ukiwa na kinanda, linganisha: hezi 50 inakaribia sana G ya chini kabisa, ile ya hezi 49, na hezi 100 ni G inayofuata juu yake. Au fungua Room EQ Wizard uone mstari mrefu umesimama wapi. Mia moja maana yake umeme uliogeuzwa kutoka AC kwenda DC haujasafishwa vya kutosha, basi kosa ni la saplai. Hamsini maana yake aidha usumaku wa transfoma unaingia kwenye koili ya maiki, au kuna mzunguko wa ethi kati ya boksi na vifaa vingine. Kuna kighairi kimoja: dayodi moja ya daraja la kugeuza AC kuwa DC ikifa, saplai nayo itatoa hamsini.

Tuanze na mia. Moduli moja ya 1073 hunywa miliampia mia moja na ushee, kwa hiyo moduli nane zinakaribia ampia moja. Kwa mzigo huo, kapasita ya maikrofaradi 4,700 inaacha wimbi la takriban volti mbili juu ya DC kabla ya regyuleta (kifaa kinachoishikilia voltiji isibadilike). Regyuleta ya LM317 italisafisha wimbi hilo, mradi tu voltiji inayoingia isishuke karibu mno na 24. Inahitaji nafasi ya volti mbili hadi mbili na nusu hivi. Ikikosa nafasi hiyo inaacha kuwa regyuleta, na wimbi linapita.

Sasa ongeza hali halisi ya umeme wa jioni. Kulikuwa na boksi la chaneli nane lililofungwa kanisani Kihesa, Iringa, kwa ajili ya kurekodi kwaya. Wanakwaya ni watu wa kazi na mashamba, wanarekodi jioni. Mwalimu wa kwaya akapiga simu.

"Fundi, mchana boksi limekaa kimya kama halipo. Saa moja hii linavuma."

"Mwalimu, chukua mita uchomeke ukutani. Inasoma ngapi?"

"Mia na tisini na nane."

Basi jibu lilikuwa pale. Saplai ilitoa volti 30 kabla ya regyuleta wakati ukuta una 230. Kwa 198 inatoa 25.8, na mabonde ya lile wimbi yanashuka chini zaidi ya hapo. Regyuleta haina nafasi. Majirani wakishapika na kupiga pasi, umeme unapanda tena na mvumo unapotea. Aliyeleta fundi mchana angeambiwa boksi ni zima.

Tiba ni transfoma yenye koili ya pili ya volti 28 badala ya 24, kapasita za kuanzia maikrofaradi 10,000, na ziwe za volti 63 kwa sababu ukuta ukipanda hadi 250 bila mzigo, kapasita ya 50 inakuwa ukingoni. Gharama yake ni joto: ukuta ukiwa 230, regyuleta itakuwa inachoma wati kumi au zaidi, kwa hiyo ifunge kwenye hitisinki kubwa, tena nje ya boksi la moduli. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, haipoozi kama ya pwani. Baridi ya Juni isikudanganye ukapunguza bati la kupozea.

Stabilaiza je? Zile za rilei zinazouzwa madukani zinasaidia friji. Kwenye kurekodi, kila rilei inaporuka, voltiji inaruka nayo, na unapata "tak" katikati ya beti. Mimi naiweka kama njia ya mwisho. Na ile saplai ya 24 ya kamera za ulinzi, nyepesi na ya bei rahisi, inatoa mluzi wa juu unaoingia kwenye moduli usipoweka koili na kapasita za kuuzuia. Haina mvumo, kweli, ila ukipandisha sauti ya kimya cha kwaya utasikia wadudu.

Turudi kwenye hamsini. Jaribio la kwanza: chomeka ile maiki bandia ya omu 150, pandisha geini (ukuzaji) hadi desibeli 60, halafu sogeza kiboksi cha saplai kwa mkono, kizungushe. Mvumo ukipanda na kushuka kufuatana na mkono wako, ni usumaku. Transfoma ya kuingilia ya maiki inazidisha voltiji mara mbili au mara nne, na inazidisha takataka pia. Usifunge transfoma ya umeme ndani ya boksi moja na moduli. Mita moja ya kebo kati yao inatosha. Ukitumia kebo ndefu ipe unene. Kama huna budi kuweka pamoja, weka kona ya mbali na transfoma za maiki na uizungushe kabla hujafunga skrubu, utapata pembe ambayo mvumo unazama.

Mvumo usipobadilika kwa kusogeza, chomoa kebo ya kutokea inayokwenda kwenye saundikadi na usikilize kwa hedifoni kupitia kiampu kidogo cha betri. Kimya? Basi ni mzunguko wa ethi. Kompyuta ina ethi yake, boksi lina yake, na kati ya hizo mbili kuna shildi (ngao ya nje) ya kebo inayobeba mkondo. Wengi hapa huchomoa ethi ya plagi ya boksi. Usifanye hivyo. Mvumo utapotea, na siku transfoma ya umeme ikishika bodi, anayeimba akishika maiki ataondoka nayo.

Kosa lenyewe huwa ndani: pini ya 1 ya XLR imevutwa kwa waya mrefu hadi kwenye kadi, badala ya kufungwa kwenye bati la boksi palepale inapoingilia. Neil Muncy aliliandika wazi mwaka 1995 katika jarida la Audio Engineering Society, na mafundi tangu hapo wanaliita tatizo la pini ya 1. Mkondo wa shildi ukiingia na kusafiri kwenye ethi ya sauti, unakuwa sehemu ya sauti. Futa rangi kuzunguka tundu la XLR, funga pini ya 1 kwenye bati kwa waya mfupi usiozidi sentimita mbili tatu, na ethi ya sauti ya moduli zote iende sehemu moja tu, na sehemu hiyo iguse bati mara moja.

Boksi linatekenya kidole

Ukipitisha mgongo wa kidole kwenye bati na ukahisi linatekenya, simama. Pima AC kati ya bati na fimbo ya ethi ya nyumba. Nyumba nyingi zina soketi za pini tatu lakini waya wa ethi haufiki popote, au fimbo imechimbiwa kwenye udongo ambao Septemba unakuwa mkavu kabisa. Kwenye jenereta hali ni ileile: mara nyingi bodi yake haijaunganishwa na chochote. Mpigie fundi umeme wa nyumba kwanza. Hakuna cha kurekebisha kwenye raki hadi hilo liishe.

Sauti kali, ya bati, hasa kwenye "s"

Moduli iko nzima, inasomeka vizuri, lakini sauti ya juu inakwaruza sikio kuliko ulivyotarajia. Swali la kwanza: upande wa kutokea umewekewa mzigo? Transfoma ya kutokea ya 1073 ilitengenezwa ikiona omu 600. Saundikadi ya leo inampa omu elfu kumi au zaidi, karibu sawa na hewa. Bila mzigo, masafa ya juu yanainuka. Rizista moja ya omu 600 au 620 kati ya pini ya 2 na ya 3 ya kutokea, sauti inakaa. Wengine huweka swichi ili wachague. Ni jambo la kupendeza, maana kwenye gitaa la solo ule mwinuko wa juu wakati mwingine unatakiwa.

Besi imekufa, au inapasuka kwenye noti nzito tu

Dalili hii ina vyanzo viwili vinavyofanana masikioni na visivyohusiana kabisa.

Kama besi ni nyembamba kwa maiki zote, na moduli haijawahi kufunguliwa tangu ilipotoka kiwandani, kapasita za elektroliti zimekauka. Hapa ndipo kubadilisha kunaruhusiwa. Zibadilishe zile za njia ya sauti na za kutuliza umeme, kwa volti ileile au juu zaidi, na upige picha kabla ya kila moja.

Kama besi inapasuka kwa maiki ya kondensa tu, na maiki ya dainamiki iko sawa ukiwa umezima volti 48, angalia umeme wa fantomu, yaani volti 48 zinazopelekwa kwenye maiki ya kondensa kupitia kebo yake. Volti 48 huingia kupitia rizista mbili za kiloomu 6.8, moja kwenye pini ya 2 na moja kwenye pini ya 3. Zikilingana, voltiji ya pini zote mbili ni sawa, na hakuna DC inayopita kwenye koili ya transfoma. Moja ikikatika, au risasi yake isiposhika, DC inapita kwenye koili, chuma kinashiba, na noti nzito ndizo za kwanza kuumia.

Kuipima ni rahisi. Mita kwenye miliampia, ncha moja pini ya 1, nyingine pini ya 2: usome takriban 7. Rudia pini ya 3. Namba mbili zisiachane. Kiwango cha kimataifa kinataka rizista hizo zilingane ndani ya asilimia 0.4, kwa hiyo usiokote mbili za asilimia tano kwenye kopo. Nunua kumi za asilimia moja, uzipime, na uchague jozi. Kutolingana kidogo hakutapasua besi, lakini kutapunguza uwezo wa laini kukataa mvumo, na utarudi kwenye sehemu ya juu ya makala hii bila kujua kwa nini.

Angalia pia voltiji ya kapasita za fantomu. Nimezikuta za volti 50 kwenye reli ya 48. Zinakaa kwa muda, kisha zinaanza kuvuja na kutoa mkwaruzo kama mafuta kwenye kikaango.

Put-put-put-put

Sauti ya mtumbwi wa injini kwenye Ziwa Nyasa, ikipanda kadri unavyozungusha geini. Hatua ya mwisho inavuta umeme, reli inashuka, hatua ya kwanza inaona reli imeshuka, inakuza mshuko huo, na mchezo unazunguka. Waya wa saplai ni mwembamba au mrefu mno, au kapasita za kutuliza zimekufa. Weka maikrofaradi 470 hadi 1,000 na nanofaradi 100 sambamba pale pale kwenye konekta ya kila moduli, na rizista ndogo ya omu kumi hivi kabla yake ili moduli moja isiisumbue nyingine. Omu kumi kwa mkondo wa 1073 inakula zaidi kidogo ya volti moja, kwa hiyo pandisha saplai kidogo au punguza rizista.

Kelele ya hewa, shiii

Kabla ya kulaumu transista, linganisha na namba. Kelele ya 1073 ikiwa na maiki ya omu 150 kwenye geini ya desibeli 60 inatajwa kuwa bora kuliko −125 dBu ukiirudisha upande wa kuingilia, kwa hiyo kwenye kutokea utapima karibu −65 dBu. Ukipata hapo, moduli haina kosa. Ni kwaya imesimama mbali na maiki. Ukipata desibeli kumi zaidi, na kosa linaanza baada ya namba 50 tu kwenye kitasa chekundu, chunguza kadi ya hatua ya ziada ya kukuza inayoingia swichi ikipita hapo. Likiwapo kote, anzia hatua ya kwanza.

Mkwaruzo ukizungusha kitasa

Vumbi jekundu na swichi za fedha zilizooksidika. Dawa ya kusafishia kontakti isiyoacha mafuta, matone mawili, zungusha swichi mara nyingi kutoka mwisho hadi mwisho. Usitumie petroli, usitumie mafuta ya kulainisha kitasa cha mlango. Kama mkwaruzo una "tok" nzito kila hatua ya swichi hata baada ya kusafisha, si uchafu: kuna kapasita inavuja DC kabla ya swichi hiyo. Pima DC kwenye mguu wa swichi. Panapotakiwa sifuri ukakuta hata millivolti mia, umempata.

Kiwango ni kidogo, au chaneli mbili hazilingani

Tofauti ikiwa desibeli sita kamili, acha kutafuta kadi mbovu. Desibeli sita ni alama ya transfoma iliyofungwa tofauti. Transfoma ya maiki ya 1073 inaweza kufungwa kwa omu 1,200 au omu 300. Ya kwanza inazidisha mara mbili, ya pili mara nne, na kati yao ni desibeli sita. Transfoma za kutokea zenye koili mbili nazo zikifungwa mfululizo badala ya sambamba zinatoa tofauti ileile. Laini moja ya balansi iliyopoteza mguu mmoja, pini ya 3 haijashikwa, nayo inaweza kukupunguzia kiasi hicho kwenye vifaa visivyotumia transfoma.

API ni habari nyingine. Inataka reli mbili, +16 na −16. Reli moja ikipotea, moduli inaweza bado kutoa kitu kinachofanana na sauti, kimekatwa nusu, na DC kwenye kutokea kwa opampu. Pima reli zote mbili kwenye konekta ya moduli, siyo kwenye saplai. Nimeona waya mzuri kabisa uliovuliwa vizuri na usioingia kwenye kibano chake.

Na kama ulichofunga kwenye raki ni mikanda ya chaneli ya meza za kawaida za aina ya Soundcraft, jua kwamba ndani ya meza sauti ilipitia kwenye kadi ya kujumlishia kabla ya kutoka. Mkanda peke yake hauna dereva wa kusukuma laini ndefu. Utahitaji kuongeza hatua ya kutokea, na hakuna kusafisha kutakakoleta kiwango hicho.

Ikwalaiza haisikiki

Tumia Room EQ Wizard, pitisha sauti kutoka saundikadi hadi moduli na kurudi, chora mchoro bapa kwanza, kisha pandisha bendi moja baada ya nyingine. Kwenye 1073, bendi ya kati ina vituo sita kuanzia hezi 360 hadi kilohezi 7.2. Vituo vyote vikiwa vimekufa, kosa ni la kitu vinachokitumia pamoja: potenshometa, waya wa koili, au swichi ya EQ yenyewe. Kimoja tu kikiwa kimekufa, ni kapasita ya kituo hicho au kontakti yake. Koili zenyewe hazifi kirahisi, ila nyuzi zake ni nyembamba na hukatika pale zinapolehemiwa. Ipime omu kabla ya kuihukumu.

Mtu akikuambia hezi 35 haifanyi kazi, muulize kwanza ana spika gani.

Lilikuwa zima Dar, limefika limekufa

Boksi likisafiri kwa basi hadi Mbeya limetingishwa njia nzima. Fungua, sukuma kila kadi na kila konekta kwa kidole, kaza skrubu za ethi. Moduli ya 1073 ina urefu wa inchi 8.75, sawa na U tano za raki, na uzito wa transfoma zake uko nyuma. Ikiwa imeshikwa na skrubu za usoni peke yake, mguu wa nyuma unacheza na pini za konekta zinachoka. Weka reli ya kuishikia nyuma. Boksi likitoka kwenye baridi ya Makambako na kuingizwa ndani palipo na joto la watu, liache wazi muda hadi unyevu ukauke ndipo uwashe. Tukuyu na Kyela tatizo ni kubwa zaidi, kuvu huota kwenye konekta. Pakiti za kukausha unyevu ndani ya boksi ni senti chache.

Tititi-tititi, au mtangazaji wa redio katikati ya maombi

Tititi ni simu, na hasa vitochi vya mtandao wa 2G, vinavyorusha mara 217 kwa sekunde. Hiyo ndiyo noti unayoisikia. Simu zitoke chumbani. Ukiendelea kupata redio, rudi kwenye pini ya 1, kisha weka kapasita ndogo ya pikofaradi 100 kutoka pini ya 2 na ya 3 kwenda bati, pale pale kwenye tundu.

Maiki mbili pamoja, besi inatoweka

Chaneli moja imegeuzwa. Pini ya 2 ndiyo ya moto kwa kiwango cha AES cha mwaka 1992, lakini vifaa vya kabla ya hapo vilifuata desturi tofauti, na waliofunga raki walifuata michoro tofauti. Gawa maiki moja kwenye chaneli mbili, linganisha viwango, zichanganye mono. Sauti ikizama, geuza nyaya mbili za kutokea ndani ya boksi, si kwenye kebo, maana kebo hiyo wiki ijayo itakuwa kwenye chaneli nyingine.